Vishikwambi 20, watoto 500: mgawane au viwe vya darasa la pili tu?

SWALI: Habari mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa taaluma shule ya msingi ya serikali huku Muheza, Tanga. Mhitimu wetu mmoja anayefanya kazi Oman ameahidi kutununulia vishikwambi 20 vya kufundishia. Shule ina watoto kama 500, darasa la pili peke yake wapo 74 na wengi bado kusoma ni shida. Mwalimu mkuu anataka kila darasa lipate zamu yake. Wazazi kwenye kikao wamesema watoto watacheza gemu tu. Muuzaji naye anasema vinakuja na programu elfu moja humo ndani. Tufanyeje, na programu gani ni nzuri? Umeme tunao ila unakatika katika.

JIBU: Salama Mwalimu, pole na majukumu. Nikupe jibu kwanza halafu sababu zifuate. Viwe vya darasa la pili tu, kwa mwaka mzima, na muombe huyo mhitimu anunue 16 badala ya 20, hela ya hivyo vinne iende kwenye hedfoni, kava, chaja ya maana na kabati lenye kufuli. Najua mwalimu mkuu hatafurahi maana zamu kwa wote inasikika kama haki, ila nifuate kwenye hesabu kidogo utaona.

Chukua vishikwambi 16, kimoja kiwe cha akiba kwa sababu lazima siku moja kimoja kitagoma, unabaki na 15. Darasa la pili wako 74, hayo ni makundi matano ya watoto 15, lile la mwisho 14. Ukipata vipindi vitatu tu kwa siku vya dakika 30, kwa wiki unapata vipindi 15, kila kundi linaingia mara tatu, yaani kila mtoto anapata saa moja na nusu kwa wiki, kishikwambi chake peke yake mkononi. Sasa chukua vishikwambi hivyohivyo uvigawe shule nzima, watoto 500 ni makundi 33 au 34, kwa vipindi vilevile 15 kwa wiki mtoto anarudi kukishika baada ya wiki mbili na zaidi, na ukitoa sikukuu, mitihani, siku umeme haupo na siku mwalimu kaenda semina, kwa muhula mzima anakishika mara chache tu. Hapo hafundishwi kitu, anaonyeshwa tu kwamba shule ina vishikwambi. Ukimuwekea mwalimu mkuu hesabu hii kwenye karatasi nadhani mtaelewana.

Kwa nini darasa la pili na si la saba wanaokaribia mtihani, hilo nalo utaulizwa. Kwa sababu kazi ambayo hizi mashine zimeonyesha kuiweza ni ile ya mwanzo kabisa, KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu), mtoto kuunganisha sauti na herufi na kuhesabu, kazi inayotaka kurudiarudia mara mia bila kuchoka, na mwalimu mmoja mwenye watoto 74 hawezi kumrudia kila mtoto mara mia hata awe na moyo wa namna gani. Darasa la saba anahitaji kueleweshwa na kuulizwa kwa nini, hapo mwalimu na kitabu bado wako mbele.

Na hili wala huna haja ya kulitafuta Ulaya, limefanyika hapahapa Tanga. Utakuwa umesikia ule mradi wa Global Learning XPRIZE, shindano la dola milioni 15 lililotangazwa 2014, timu zikaambiwa zitengeneze programu ya kumfundisha mtoto kusoma, kuandika na kuhesabu bila mwalimu. Timu tano zilizofika fainali zikaletwa kujaribiwa vijijini mkoani kwetu, karibu vijiji 170, watoto zaidi ya elfu mbili na mia tano, kuanzia mwishoni mwa 2017 kwa miezi 15. Google walitoa vishikwambi, UNESCO, WFP na serikali wakasimamia huku chini, na chaji ilikuwa ya sola. Kabla ya kuanza, zaidi ya asilimia 90 ya watoto wale walikuwa hawawezi kusoma hata neno moja la Kiswahili, walipomaliza idadi hiyo ilikuwa imeshuka kwa nusu. Mwezi Mei 2019 zawadi kubwa wakagawana timu mbili, Kitkit School na onebillion, dola milioni tano kila mmoja.

Watu wakiisimulia habari hii wanaishia hapo na kupiga makofi. Mimi nakuomba uisome mara mbili. Imeshuka kwa nusu maana yake nusu nyingine baada ya miezi 15 bado walikuwa hawasomi hata neno, na wale kila mmoja alikuwa na kishikwambi chake nyumbani kijijini, wako wa dakika 30 mara tatu kwa wiki hawezi kupewa matarajio yaleyale. Upande mwingine, wale wengi wao hawakuwa wakienda shule kabisa, wako anaye mwalimu. Kwa hiyo kishikwambi kwako kiwe msaidizi wa mwalimu, atakayekuahidi zaidi ya hapo anataka hela yako, au ya mhitimu wenu.

Tena usidhani kifaa chenyewe ndo dawa. Peru waligawa laptop za watoto kwa mamia ya maelfu shule za vijijini, watafiti wakaja kupima kwa kulinganisha shule zilizopata na ambazo hazikupata, hawakuona tofauti yoyote kwenye hesabu wala lugha. Mashine zilikuwepo, watoto walizishika, basi. Halafu nenda Delhi, India, kulikuwa na programu inaitwa Mindspark, hiyo ilipopimwa watoto walipanda sana kwenye hesabu ndani ya miezi minne na nusu tu. Tofauti kubwa iko wapi? Mindspark inampima mtoto kwanza, inamkuta yupo wapi, inaanzia hapo, kama yuko darasa la sita ila hesabu zake ni za darasa la tatu inampa za darasa la tatu bila kumuaibisha mbele ya wenzake. Nafikiri hiki ndo kitu cha kukitafuta kwenye programu kuliko vyote, imkute mtoto alipo. Darasani kwako wapo ambao wanasoma hadithi na wapo ambao hawajui "ma" na "na", wote 74 wamekaa mbele ya ubao mmoja na sentensi moja.

Sasa hizo programu elfu moja za muuzaji. Mwalimu, naomba uniamini, hakuna mtu duniani aliyekaa akachagua programu elfu moja nzuri, zimezolewa tu kama zilivyo na nyingi utakuta ni za Kiingereza. Mtoto wa darasa la pili shule ya serikali anafundishwa kwa Kiswahili, ukimpa programu inayomwambia herufi b inaitwa "bii" wakati we jana umemfundisha inalia "b" na "b" na "a" ni "ba", umemrudisha nyuma. Chagua mbili, zikizidi tatu. Ya kwanza ya kusoma kwa Kiswahili, ya pili ya hesabu, ya tatu iwe maktaba ya hadithi.

Namna ya kuijaribu programu kabla hujakubali ni hii, na nakuomba uifanye mwenyewe usimwachie muuzaji akuonyeshe. Kaa nayo ujifanye mtoto asiyejua. Jibu vibaya makusudi, mara kumi mfululizo. Uangalie inafanya nini. Programu mbaya itasema "jaribu tena" kwa sauti ileile na kukuletea swali lilelile mpaka ubahatishe, ukibahatisha inakurushia nyota na makofi na kukupeleka mbele. Nzuri itakurudisha hatua moja nyuma, itakuonyesha sauti polepole, italeta mfano mwepesi zaidi. Halafu mpe mtoto mmoja asiyejua kweli uangalie kidole chake, usiangalie skrini. Utamuona anabonyeza majibu yote manne kwa mpangilio, kutoka kushoto kwenda kulia, tap tap tap tap, haangalii hata picha, mpaka la kweli liitike. Watoto wanaigundua njia hiyo ndani ya siku moja na wanaambizana! Kama programu inaruhusu hivyo, ripoti yake itakuonyesha mtoto kamaliza masomo 30 na hajui kitu, na wewe utaamini.

Lingine ambalo wengi hawaliulizi, je, inaruhusu majina mengi kwenye kishikwambi kimoja? Nyingi, zikiwemo za ule mradi wa vijijini, zilifikiriwa kwa mtoto mmoja kifaa kimoja. Kwako kifaa kimoja kina watoto watano, mmoja wa kila kundi. Kama haitenganishi, Mwanaidi anaingia saa tatu anasonga mbele, saa nne anakuja mwenzake anaanzia pale Mwanaidi alipoachia, vurugu tupu, na lile jambo la kumkuta mtoto alipo limekufa hapohapo. Kwa hiyo namba. Andika namba kwa rangi ya kucha nyuma ya kila kishikwambi, 1 mpaka 16, na kila mtoto awe na kishikwambi chake kilekile mwaka mzima, na ndani achague picha yake, simba au embe au chochote. Usiandike majina yao kamili wala kupiga picha za sura zao, programu haihitaji, na tangu ile Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 shule nayo inatakiwa iwe makini na taarifa za watoto.

Za kuanzia kuzitazama. Code za zile programu tano za XPRIZE ziliachwa wazi bure mtandaoni, za Kiswahili, mtafute kijana anayejua Android akusaidie kuzipakia maana si kubonyeza tu na kushusha. Hadithi, African Storybook wana hadithi nyingi fupifupi za Kiswahili na leseni yao inaruhusu kutumia na hata kuchapisha, nyingine mnaweza kuprinti kabisa zikabandikwa ukutani. Kuna Kolibri, maktaba ya masomo isiyohitaji intaneti wakati wa kutumia, hii unaiweka kwenye laptop moja ya shule, vishikwambi vinaunga kwa waifai ya hapohapo bila bando hata la mia, humo ndani kuna masomo ya Khan Academy ya Kiswahili na video za Ubongo Kids ambazo watoto wako bila shaka wanazijua kwenye tv. Video ni nzuri za kuamshia somo ila zisile dakika 30, mtoto akitazama tu hajifunzi kama anapojibu.

Na intaneti zima. Zima kabisa, toa na laini. Programu nyingi za bure zinajiendesha kwa matangazo, mtoto wa miaka minane anajifunza kuhesabu mara linashuka tangazo la betting, na huyo mzazi aliyesema kikaoni kwamba ni gemu tu utamjibu nini? Kwenye setingi upande wa usalama kuna sehemu ya kuibandika programu moja kwenye skrini, mtoto hawezi kutoka mpaka uweke pini, itumie, na pini wasiijue hata wale watoto wa walimu. Wazazi wenyewe waite siku moja waje washike, wakae kwenye madawati ya watoto wao wafanye somo moja, maneno mengi yataisha hapo. Waambie pia havitoki nje ya shule, na waambie ni dakika 30 mara tatu kwa wiki maana hofu nyingine ni macho.

Ratiba. Usiweke baada ya saa za shule, huku kwetu watoto mchana wanakwenda madrasa, utabaki na watoto wanane na lawama. Iwe ndani ya vipindi vya KKK vilivyopo, kundi moja limekaa pembeni na vishikwambi, yale manne yanabaki na mwalimu, na hapo ndo faida ambayo watu hawaioni, mwalimu kwa nusu saa ana watoto 59 badala ya 74. Bado wengi, najua. Hao 15 wakae na mtu mzima, mwalimu wa kujitolea au mzazi mmoja aliyeaminika, hahitaji kujua kompyuta, anahitaji kuona nani kakwama, nani anabonyeza hovyo, nani kasinzia. Hedfoni lazima, vishikwambi 15 vikianza kusema "sema aaa" kwa pamoja kwenye darasa la mabati hakuna atakayesikia kitu, na nunua zile kubwa za kufunika sikio zinazofutika kwa kitambaa, za kuchomeka ndani ya sikio msizichangie. Dakika tano za mwisho kila mtoto atoe daftari aandike maneno matatu aliyoyakuta leo, kwa penseli. Kidole kwenye kioo hakimfundishi mkono kushika penseli, hili sijui kwa nini linasahaulika.

Umeme usikutishe, ni jambo dogo kuliko watu wanavyodhani. Kishikwambi chenye betri ya 5000 mAh kinabeba kama wati-saa 19. Kumi na sita ni kama 300, weka na upotevu iwe 400, hiyo haifiki hata nusu yuniti ya LUKU kwa kuvijaza vyote kutoka sifuri, na kwa saa moja na nusu kwa siku hamtavimaliza hata. Kimoja kilichojaa kinavuka siku moja ya kukatika bila shida, pengine na mbili. Kama mtafunga sola, paneli ya wati 150 hadi 200 na betri yake inawatosha. Kinachoua ni vingine, joto na tundu la chaja. Usichaji ndani ya kabati lililofungwa na usiviache ofisini chini ya bati mwezi wa pili, betri za lithiamu zinavimba, ukiona mgongo wa kishikwambi umeanza kutuna kitoe kwenye matumizi siku hiyohiyo, usikichaji tena. Tundu nalo, chukua zenye chaja ya Type-C, zile za zamani mtoto akichomeka kinyume mara chache tu limeshalegea. Badala ya ekstensheni tatu zilizounganishwa na chaja 16 za mtaani, nunua chaja moja au mbili zenye matundu mengi, na chajini mchana watu wakiwepo, siyo usiku jengo likiwa tupu. Likizo ya Juni na Desemba viacheni nusu chaji, vimezimwa, si sifuri.

Karatasi za kiofisi sitazikalia sana, unazijua kuliko mimi. Kamati ya shule iandike muhtasari, vifaa viingie kwenye leja kama mali ya shule na Afisa Elimu Kata ajue kabla havijafika, vinginevyo siku mwalimu mkuu akihamishwa vitakuwa havina mwenyewe. Kuna pia vile vishikwambi vya sensa ya 2022 ambavyo serikali iligawa kwa walimu, bila shaka kwenu vipo. Ulizeni kwa mkurugenzi wa halmashauri kama mnaruhusiwa kuweka programu humo, mkiruhusiwa anzeni navyo hata wiki ijayo na kundi moja, mtajua ratiba yenu inavuja wapi kabla hela ya Oman haijatumika.

Mwisho kupima, na hili lifanyike kabla mtoto wa kwanza hajagusa kitu. Andika maneno 20 ya Kiswahili kwenye karatasi, yaanze mepesi kama baba na meza, yaishie na magumu kama ng'ombe na nyumbani. Mwite mtoto mmoja mmoja asome, hesabu aliyoyapata, andika. Mkimaliza muhula rudia karatasi ileile, ila isibandikwe ukutani katikati hapo wasije wakaikariri. Na kwa kuwa watoto watapanda tu hata bila vishikwambi, si wako shuleni wanafundishwa, muombe mwalimu rafiki yako wa shule ya jirani awapime wa kwake wa darasa la pili kama 30 hivi kwa karatasi hiyohiyo siku hizohizo. Kama wako wamepanda maneno matano na wa jirani matano, vishikwambi bado havijafanya kazi, angalia programu au usimamizi kabla ya kuomba vingine. Kama wako wamepanda tisa na wa jirani matano, mwandikie mhitimu wenu namba hizo kama zilivyo, na hapo ndo umuombe vya darasa la kwanza.